Mkutubi Akifika Shuleni Kabla ya Likizo, Mtoto Anaondoka na Nini?

Wiki ya mwisho kabla ya shule za msingi kufungwa mwezi wa sita ina shughuli zake. Mitihani imekwisha, ripoti zinaandikwa, madawati yanahesabiwa, vitabu vinakusanywa. Mwalimu wa darasa anaita jina moja moja, kitabu kinarudishwa, kinawekewa tiki kwenye leja, kinapelekwa stoo na kufuli linafungwa. Katika wiki hiyo hiyo, shule iliyobahatika hutembelewa na mkutubi, ambaye husimama mstarini na kuwaambia watoto: likizo hii someni sana.

Wasome nini?

Swali hilo ndilo linalozifanya ziara za wakutubi mashuleni kuwa jambo gumu kuliko linavyosikika kwenye hotuba. Kwenye hotuba huwa jepesi: watoto wetu hawana utamaduni wa kusoma, wakutubi waende wakawahamasishe, basi. Maneno hayo ya "utamaduni wa kusoma" yamenichosha. Yanamtwisha mtoto wa Chang'ombe, hapa Dodoma mjini, au wa vijijini Bahi lawama ya kabati ambalo hakulifunga yeye. Ukitaka kujua kwa nini ziara moja inazaa wasomaji na nyingine inaishia kwenye makofi, inabidi uanze kwa kuangalia ziara hizi zilibuniwa wapi, na huko kulikuwa na nini ambacho hapa hakipo.

Uingereza wana mpango unaoitwa Summer Reading Challenge, ulioanza mwaka 1999 na ambao sasa unaendeshwa na asasi ya The Reading Agency ikishirikiana na maktaba za umma. Katika likizo ya majira ya joto, ambayo kwao ni kama wiki sita, mtoto huchagua na kusoma vitabu, kwa desturi 6. Kabla shule hazijafungwa, wakutubi huzunguka mashuleni kuutangaza. Marekani wameanza zamani zaidi. Maktaba zao zilikuwa na vilabu vya kusoma vya likizo tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kote huko ziara ya shuleni ni sawa na tangazo la duka ambalo tayari liko mtaani na bidhaa zimejaa. Maktaba iko karibu, kujiunga ni bure, mzazi anampeleka mtoto Jumamosi. Mkutubi anaweza kwenda shuleni mikono mitupu na bado kazi ikafanyika.

Mkoa wa Dodoma una watu zaidi ya milioni 3, na Maktaba ya Mkoa iko mjini. Kwa mtoto wa Makole au Majengo hiyo ni safari ya miguu. Kwa wa Nkuhungu ni nauli ya daladala, kwenda na kurudi, na kwa wa Kondoa ni takriban kilomita 160 za lami. Hata akifika kuna fomu, ada na mdhamini mtu mzima. Masharti hayo si ya ajabu, maktaba nyingi za umma huyaweka ili vitabu visipotee, ila yanamaanisha kwamba tangazo peke yake halimfikishi mtoto popote.

Hofu iliyo nyuma ya ziara hizi, yaani kwamba mtu aliyejifunza kusoma anaweza kurudi nyuma akikosa cha kusoma, nchi yetu iliijua mapema sana. Bodi ya Huduma za Maktaba ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967. Kisha Mwalimu akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kampeni ilipoanza kuzaa matunda, swali likawa: huyu mzee aliyejua kusoma akiwa na miaka 40, akibaki kijijini bila karatasi hata moja, baada ya miaka mitatu atakuwa wapi? Ndipo zikaja maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho la kanda ya Ziwa. Maktaba nyingi za aina hiyo hazikudumu, lakini hoja ilikuwa sahihi, na ni ile ile kwa mtoto wa darasa la pili. Kilichobadilika ni muda tu. Yeye tunamhesabia wiki.

Mtoto anasahau kweli?

Hapa watafiti wenyewe wamevutana. Mwaka 1996, Harris Cooper na wenzake nchini Marekani walikusanya tafiti nyingi kuhusu likizo ndefu na kukuta kwamba, kwa wastani, watoto walirudi shuleni wakiwa nyuma kwa kama mwezi mmoja wa masomo. Kwenye kusoma, watoto wa familia zenye uwezo hawakushuka na pengine walipanda kidogo, ila watoto wa familia maskini walishuka. Matokeo hayo yakanukuliwa kila mahali. Mwaka 2019 Paul von Hippel aliandika akihoji kama upotevu huo ni wa kweli kiasi hicho, maana sehemu yake ilitokana na namna mitihani ya zamani ilivyopangwa: mtoto alipimwa kwa karatasi moja kabla ya likizo na karatasi nyingine baada yake. Kwa hiyo anayekuambia kwa uhakika kwamba likizo inafuta miezi kadhaa ya kusoma anakuambia zaidi ya kinachojulikana. Isitoshe, likizo za Marekani ni wiki kumi na zaidi. Za kwetu zimekatwa vipande: mwezi wa sita, mwezi wa kumi na mbili, na mapumziko mafupi katikati ya kila muhula.

Mimi ningeacha kuazima takwimu za Marekani na kuangalia jinsi mtoto anavyosoma Kiswahili, kwa sababu hapo ndipo unaona nini kinaweza kupungua na nini hakipungui.

Maandishi ya Kiswahili hayadanganyi. Herufi inasomeka kama inavyotamkwa, na mtoto aliyeshika ba-be-bi-bo-bu anaweza kulitamka neno lolote, hata asilolijua. Hiyo haisahauliki kirahisi. Ugumu ni kwamba maneno yetu ni marefu na yamebeba mengi. Chukua "hawakumsomea": silabi saba, na ndani yake kuna ukanushi, watendaji, wakati uliopita, mtendewa na kitendo chenyewe. Mtoto anayesoma silabi moja moja akifika mwisho ameshasahau mwanzo. Anatamka vizuri, mzazi anafurahi, ila ukimuuliza nani hakumsomea nani, kimya. Hatua ya kutoka kwenye silabi kwenda kwenye neno zima kwa mtupo mmoja wa jicho haifundishwi ubaoni, inakuja kwa kusoma mengi, na hayo mengi lazima yawe mepesi. Kwa hiyo walio hatarini zaidi likizoni ni wa darasa la kwanza hadi la tatu, ambao bado wako katikati ya hatua hiyo, pamoja na wakubwa wao waliopitishwa madarasa bila kuimaliza. Mkutubi anayewaletea hawa vitabu vinene vya kuvutia wageni anawakosea. Wanahitaji vitabu vyembamba, kurasa 16 au 24, picha kubwa, tena vingi. Mtoto wa darasa la tano akichagua kitabu cha darasa la pili, tafadhali asichekwe.

Kisha kuna lugha. Mjini Dodoma Kiswahili kiko kila mahali, kuanzia kwa kondakta hadi kwenye redio ya jirani. Ukishatoka kuelekea vijiji vya Chamwino au Bahi, nyumbani ni Kigogo. Kondoa na Chemba utakuta Kirangi, Kisandawe, Kiburunge. Kwa mtoto mdogo wa huko, kufungwa kwa shule ni kupungua kwa Kiswahili chenyewe, kwa hiyo anaporudi mwezi wa saba anaweza kuwa ameshika silabi zote ila maneno yamemponyoka. Huyo humsaidii kwa kumwambia akae peke yake asome kimya kimya. Anahitaji kaka au dada wa darasa la sita amsomee kwa sauti. Anahitaji pia ruhusa ya kukisimulia kitabu cha Kiswahili kwa Kigogo mbele ya bibi yake, kwa sababu anayeweza kukihamishia kwenye lugha ya nyumbani amekielewa. Wakutubi wangesema hivyo waziwazi mbele ya walimu. Shule nyingi bado zinaitazama lugha ya nyumbani kama kosa la nidhamu, na mtoto aliyezoea kuadhibiwa kwa sababu ya kusema Kigogo hatakihusisha kamwe na kusoma.

Leja, kufuli na kitabu cha watu

Sasa turudi stoo. Kwa nini vitabu vifungiwe mwezi mzima ambao watoto wana muda? Wapo wanaodhani ni uchoyo wa walimu. Si kweli.

Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi imekuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na katika hizo 4,000 ni za vitabu vya kiada, ambavyo hununuliwa kwa pamoja na Serikali. Vitabu vya hadithi havina fungu la namna hiyo. Vinatoka kwenye miradi, kwa wafadhili, kwa mzazi mwenye moyo. Kila kimoja kinaandikwa kwenye leja, na mwalimu mkuu ndiye anayewajibika kwa leja hiyo. Akija mkaguzi akakuta vitabu 30 vimepotea, ataulizwa. Akikuta vitabu 30 havijafunguliwa tangu vilipoletwa, viko na karatasi zake za nailoni, atasifiwa kwa utunzaji. Wewe ungefanya nini?

Kwa sababu hiyo, maongezi yenye uzito zaidi katika ziara nzima hayafanyiki mstarini. Yanafanyika ofisini kwa mwalimu mkuu, mlango umefungwa. Anayefahamu kazi hii huenda na pendekezo moja rahisi: vitabu vya likizo viwe vya maktaba, si vya shule. Viletwe kwa sanduku, viandikwe kwenye leja ya maktaba, shule ibaki na daftari la kuazima tu. Kikipotea, kimepotea mikononi mwa maktaba, ambayo kwa kawaida ina utaratibu wa kufuta vitabu vilivyochakaa na vilivyopotea. Mwalimu mkuu akishaelewa kwamba leja yake haiguswi, uso wake hubadilika. Vitabu vya kiada vibaki stoo, hakuna neno.

Lakini kufuli la pili liko nyumbani. Mama anayepima mchicha kwa mafungu pale sokoni Sabasaba akiona mtoto amekuja na kitabu kipya kizuri, jambo la kwanza analowaza ni gharama. "Usiniletee kitabu cha watu hapa kikachanika nikalipa mimi." Anakichukua, anakiweka juu ya kabati la vyombo, ndani ya kanga, hadi shule ifunguliwe. Kimerudi salama na hakikusomwa. Mzazi huyo hana kosa, amewahi kulipishwa vitu vingi na shule. Basi mkutubi aombe dakika 10 kwenye mkutano wa wazazi na aseme kwa sauti kwamba kitabu kilichochanika si deni. Kama maktaba haiko tayari kusema hivyo, afadhali isipeleke vitabu.

Hesabu ya sanduku nayo ina ujanja wake. Darasa lina watoto 90, sanduku lina vitabu 50. Ukiwagawia wa mbele, wa nyuma wanalia. Wapange kwa mitaa au vitongoji wanakotoka, watano watano, kila kundi lipate vitabu vitatu tofauti: hapo utakuwa umetumia 54, kwa hiyo ongeza vinne. Kitabu chembamba hakimalizi siku mbili mkononi mwa mtoto, wataanza kubadilishana wenyewe, na kila mmoja atakuwa amepitia vitatu kabla ya wiki ya pili kwisha. Ukiwa na masanduku mawili ya namna hiyo, nusu ya mwezi wanabadilishana na kundi la mtaa wa pili. Simu nayo inasaidia, kwa kiasi. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini mwaka 2014, una hadithi nyingi za bure, za Kiswahili zikiwemo, na mtu anaweza kuzichapa kwenye karatasi. Nazisifu kwa hilo la kuchapa. Simujanja ya nyumbani mara nyingi ni moja, iko na baba, na bando lina kazi nyingine.

Kitabu mkononi, halafu?

Tuseme leja imetulia, mzazi ametulia, kitabu kimefika nyumbani. Kinatosha?

Tafiti mbili za Marekani zinaonekana kupingana hapa. Richard Allington na Anne McGill-Franzen, kwenye matokeo waliyoyatoa mwaka 2010, waliwapa watoto wa familia maskini wa Florida vitabu 12 kila mwaka kwa likizo tatu mfululizo, vitabu ambavyo watoto walijichagulia wenyewe. Kusoma kwao kukapanda kuliko kwa wenzao. James Kim na Thomas White, mwaka 2008, walilinganisha watoto waliopewa vitabu tu na waliopewa vitabu baada ya mwalimu kuwafundisha namna ya kuvisoma na kuvizungumzia nyumbani. Waliopewa vitabu tu hawakutofautiana sana na ambao hawakupewa kitu. Waliofundishwa kwanza ndio waliosonga mbele.

Nikizisoma pamoja, sioni ugomvi mkubwa. Kundi la kwanza lilikuwa na uhuru wa kuchagua na miaka mitatu, kundi la pili lilikuwa na likizo moja tu na mtu wa kuwaonyesha njia. Mkutubi wa Dodoma mwenye asubuhi moja hana miaka mitatu. Anaweza kuwapa hivyo viwili vinavyobaki, kuchagua na kuonyeshwa njia, ila si kwa dakika kumi za mstarini chini ya jua. Anahitaji saa nzima, mkeka chini ya mti, vitabu vimetandazwa na watoto wanapita makundi kwa makundi wakifungua wanachotaka. Anahitaji pia kusoma kimoja kwa sauti na kukiachia pale fisi anapobisha hodi. Hila hiyo ni ya zamani na haijawahi kushindwa, ila inataka maandalizi, maana kitabu hicho kitagombaniwa. Awe na nakala tano au sita za hicho kimoja.

Na njia yenyewe ya kuonyesha isiwe ya kishule. Ukimwambia mtoto aandike muhtasari wa kila kitabu, umemrudishia mtihani nyumbani. Maswali mawili yanatosha: nani alikukera humo ndani, na ungekuwa wewe ungefanyaje? Ndugu yeyote anaweza kuyauliza, hata asiyejua kusoma.

Suala la muda ndilo linaloonyesha haraka kama mshauri anaijua Dodoma. "Soma dakika 20 kila siku saa 10 jioni" ni ushauri wa mtoto wa Area D. Mwezi wa sita ni mavuno: mtama, uwele, karanga, alizeti. Mwezi wa kumi na mbili mvua zinaanza na kila mwenye mkono anapanda. Mtoto wa kiume yuko na mbuzi, wa kike yuko na ndoo ya maji na mdogo wake mgongoni. Hata hivyo kazi hizi hazifanani. Baada ya mavuno mifugo huachiwa mashambani ile mabua, na mchungaji hupata vipande virefu vya kukaa. Kwenye mapumziko ya mwezi wa nne, anayeamia ndege juu ya dungu ana muda kati ya kundi moja la kwelea na jingine. Vumbi litakiharibu kitabu, hilo ni kweli, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo mfuko wa kipande cha salfeti ndio unaofaa. Msichana mwenye mdogo mgongoni tayari ana msikilizaji, mradi ajue kwamba kumsomea mdogo wake kunahesabika. Nani amwambie? Mkutubi, akiwa pale mkekani.

Kuna kundi moja ambalo ziara hizi karibu zote hulikosa, nalo ndilo lenye likizo ndefu kuliko wote: wahitimu wa darasa la saba. Wanafanya mtihani Septemba na kuingia kidato cha kwanza Januari. Kwa miezi minne si wanafunzi wa mtu yeyote. Shule ya msingi imeshawafuta, ya sekondari haijawapokea, vitabu vyote wamerudisha. Wenye uwezo wanapelekwa tuisheni ya kujiandaa na kidato cha kwanza. Wengine wanauza karanga stendi, wanachunga, baadhi ya mabinti wanaanza kuitwa wakubwa. Januari wanaoendelea na sekondari wanakutana na karibu masomo yote kwa Kiingereza. Kama ningelazimika kuchagua ziara moja tu kwa mwaka mzima, ningeacha ya Juni na kwenda shule za msingi siku ile mtihani unapomalizika, nikiwa na vitabu vyepesi vya hadithi za Kiingereza na riwaya fupi za Kiswahili. Ugumu ni marejesho, kwa kuwa hakuna siku ya kufungua shule. Lakini hawa bado hurudi shule ya zamani kuchukua cheti cha kumaliza elimu ya msingi, na sanduku linaweza kuwasubiri hapo hapo. Lisiwe sharti la kupewa cheti. Ukishafanya hivyo umekuwa kufuli la tatu.

Mwisho ni makaratasi, maana bila hayo hakuna geti litakalofunguka. Mkutubi haingii shule ya Serikali kwa kujipeleka. Barua inaandikwa kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, inashuka kwa Afisa Elimu Msingi, kwa afisa elimu kata, ndipo inamfikia mwalimu mkuu, na kila meza ina siku zake. Ya likizo ya Juni iandikwe Aprili. Ya darasa la saba iandikwe mapema Julai, kabla mitihani ya majaribio haijamchukua mwalimu mkuu mzima mzima, na itaje kabisa kwamba vitabu ni vya maktaba.